Keki na Vitamu vya Sikukuu Jikoni Kwetu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mwezi wa kumi ukianza tu, simu yangu haipumui. Diwali iko njiani kwa majirani zetu Wahindi wa hapa Jinja, Uganda, harusi zimepangwa foleni, Krismasi inanukia, na kila mtu amekumbuka ghafla kwamba anataka kuoka. Idd nayo hurudi nyuma kama siku kumi na moja kila mwaka, kwa hiyo kuna miaka inaangukia humohumo. Mimi naoka nyumbani Walukuba, kwa oveni ndogo na kwa sigiri, na ninafundisha akina mama na vijana wachache wakati wa likizo. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa zaidi. Nimeyajibu kwa urefu pale watu wanapoharibikiwa, na kwa ufupi pale pasipohitaji maneno.

Mapishi ninayoyaona kwenye simu yanasema ni ya msimu wa baridi. Sisi hatuna baridi. Yatatoka kweli?

Yatatoka, ila ujue yaliandikwa kwa ajili ya jiko jingine. Mwandishi wake anaishi karibu na usawa wa bahari, jiko lake Desemba lina ubaridi, na oveni yake ikiandikwa 180 ni 180. Wewe uko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari hata ukiwa pale ziwani, Desemba yako ni jua linaloanza kuwaka baada ya mvua za Septemba hadi Novemba, na oveni yako labda ni sufuria. Karibu kila keki iliyoharibika niliyowahi kuletewa nichunguze, chanzo chake kilikuwa moja ya hayo matatu.

Mfano mdogo: pishi linasema "siagi iwe na joto la chumba". Chumba chao ni nyuzi 20 hivi. Chumba chako Arua saa nane mchana wa Desemba ni zaidi ya 30, na siagi hiyo imeshakuwa mafuta. Haitashika hewa ukiipiga na sukari, na keki itatoka nzito kama tofali. Bonyeza kwa kidole: kidole kikiacha shimo bila siagi kung'aa mafuta, iko tayari. Ikiwa inang'aa, irudishe kwenye friji au ndani ya beseni la maji baridi kwa dakika kumi. Mimi Desemba napiga siagi asubuhi kabla ya saa mbili, basi.

Tena, chagua aina inayovumilia. Wajerumani wana mkate mtamu wa Krismasi uitwao Stollen, na soko la Krismasi la Dresden, ambalo limekuwapo tangu 1434, limechukua hata jina kutokana na mkate huo. Huokwa wiki kadhaa kabla ya sikukuu, hufunikwa kwa sukari ya unga, na hukaa. Keki ya matunda ya Waingereza ni vilevile, na nadhani ndiyo maana ilibaki kwetu na kuingia kwenye harusi, kwa sababu haiogopi joto wala safari. Keki za krimu ni za kula siku ileile.

Keki inapanda vizuri, halafu katikati inadidimia. Nakosea wapi?

Hili ndilo swali namba moja, na wengi hujilaumu bure. Wanasema "nilifungua mlango mapema" au "mtoto alirusha mpira". Pengine. Lakini mara nyingi ni mwinuko.

Tunakoishi hewa ni nyepesi, kwa hiyo gesi inayotolewa na beking pauda inatanuka kwa nguvu zaidi. Keki inakimbia juu kabla unga na mayai havijaiva vya kutosha kuishikilia, kisha inaanguka. Zaidi ya hapo, maji yanachemka mapema: Kampala na Jinja ni karibu nyuzi 96, Kabale ambako ni juu zaidi ni karibu 93. Unyevu unakimbia, sukari inabaki nyingi kuliko maji, na sukari nyingi inalegeza keki.

Dawa yake, kwa pishi lililotoka nje:

Kwa Kampala, Jinja, Gulu, Arua na kwingineko kwenye kimo kama hicho, kijiko kimoja cha chai cha beking pauda kiwe robo tatu. Toa kijiko kimoja cha chakula cha sukari katika kila kikombe. Ongeza maziwa kijiko kimoja au viwili vya chakula kwa kila kikombe cha unga, na pandisha moto nyuzi kama kumi.

Kwa Kabale, Kisoro na milimani Kapchorwa, beking pauda iwe karibu theluthi mbili, sukari itolewe vijiko viwili kwa kikombe, na maziwa yaongezwe vitatu au vinne.

Angalizo: kama pishi umepewa na shangazi yako wa Mbarara na yeye huliokea hukohuko, usiliguse. Limesharekebishwa miaka mingi kwa majaribio, hata kama yeye mwenyewe hajui kwa nini. Nimeona mtu akipunguza beking pauda kwenye pishi la mama yake mzazi, akapata chapati.

Sina oveni. Naweza kuoka kwa sigiri?

Unaweza, na ukizoea utapata keki ambayo hakuna atakayeuliza ilipikwa wapi. Mimi nilianza hivyo.

Tafuta sufuria kubwa, nzito, ya zamani, yenye mfuniko bapa. Iwe ya zamani kweli, maana haitarudi tena kupika mchuzi. Mimina mchanga safi uliochekechwa, ulioshwa na kukaushwa, kina cha vidole viwili hivi. Mchanga wenye udongo hutoa harufu ya mvua ya kwanza, na keki huivuta yote. Juu ya mchanga weka mawe madogo matatu yanayolingana, ili kopo la keki lisiguse mchanga moja kwa moja.

Washa makaa yashike vizuri, pasiwe na moshi. Pasha sufuria ikiwa imefunikwa, dakika 20 hadi 25. Kupima moto, nyunyiza unga kidogo kwenye kifuniko cha bati na ukiweke ndani: ukigeuka rangi ya chai ya maziwa baada ya dakika kama tano, moto ni wa keki. Ukiwa mweusi, toa makaa. Ukibaki mweupe, subiri.

Sasa siri yenyewe. Baada ya kuingiza kopo, hamisha makaa mengi yaende juu ya mfuniko, chini yabaki machache. Watu hufanya kinyume, keki inaungua kitako huku uso ukiwa mbichi. Mimi huweka theluthi mbili juu na theluthi moja chini. Keki ya vikombe viwili vya unga huchukua dakika 45 hadi saa nzima. Usifunue kabla ya dakika 35, na ukifunua, inua mfuniko wima, taratibu, majivu yasimwagikie keki. Choma kijiti katikati, kikitoka kikavu epua.

Na jambo moja lisilo na utani: usiokee kwa makaa ndani ya chumba kilichofungwa, hata mvua ikinyesha. Gesi ya makaa haina harufu na inaua watu usingizini. Kaa barazani au mlango na madirisha yawe wazi.

Umeme ukikatika keki ikiwa ndani ya oveni?

Usifungue mlango. Joto lililomo ndani linaweza kukuvusha. Kama keki imeshashika juu, yaani ukiitikisa oveni kidogo haichezi, iache humo nusu saa kisha uipime kwa kijiti. Kama ndiyo kwanza dakika kumi, hamia kwenye sigiri haraka. Kwa hiyo tarehe 23 na 24 Desemba mimi huwa na makaa yaliyoshika pembeni hata kama ninatumia umeme. Nilijifunza siku umeme ulipokatika saa tatu usiku nikiwa na keki mbili za watu ndani, mkesha wa Krismasi, na hapakuwa na hata kiberiti. Moja niliiokoa. Ya pili tuliila sisi kwa kijiko, kama uji.

Sina mizani. Nipimeje?

Tumia chombo kimoja kwa kila kitu. Tumpeko, kile kikombe kikubwa cha bati, ni kama nusu lita, kwa hiyo nusu yake ni kikombe kimoja cha mapishi. Kikombe cha unga wa ngano, uliojazwa kwa kijiko bila kushindiliwa, ni karibu gramu 125. Cha sukari ni 200. Cha siagi ni kama 225. Ukichota unga kwa kuchovya kikombe ndani ya mfuko, unaweza kuzidisha gramu 20 au 30 bila kujua, na hapo ndipo keki inapokuwa kavu na yenye ufa juu.

Mayai nayo: yai la dukani bila ganda ni karibu gramu 50. Ya kienyeji ni madogo. Pishi likitaka manne, weka matano ya kienyeji.

Unga gani?

Ule ulioandikwa wa kuokea nyumbani. Wa mikate una nguvu mno, keki inakuwa ya kutafuna. Ukiwa na huo tu, katika kila kikombe toa vijiko viwili vya chakula na uweke unga laini wa wanga wa mahindi mahali pake, kisha chekecha mara mbili. Ukitaka unga unaojiumua, changanya kikombe kimoja na kijiko kimoja na nusu cha chai cha beking pauda (kisha rudi juu kwenye habari za mwinuko).

Beking pauda yangu bado ina nguvu?

Weka nusu kijiko kwenye maji ya moto. Ikifoka, ni nzima. Ikinyamaza, itupe. Baikaboneti (soda ya kuokea) pimia kwa siki au limau. Na usizibadilishane kiholela: baikaboneti inahitaji kitu kichachu, mfano bongo (maziwa ya mgando), limau au sukari guru, la sivyo keki inaonja sabuni.

Vanila ya chupa na vanila ya maganda, ipi bora?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu inaniuma. Tunanunua chupa ndogo za harufu ya kiwandani, wakati vanila halisi inalimwa hapahapa Mukono, Kayunga na Bundibugyo na kusafirishwa kwenda kunukisha krimu za Wazungu.

Vanila hutokana na ua la mmea unaotambaa. Ua hufunguka asubuhi moja tu, na mkulima hulichavusha kwa mkono, moja moja, kwa kijiti chembamba. Akichelewa hadi kesho, limekwisha. Ganda hukaa mtini kama miezi tisa. Likiwa bichi halinuki kitu. Harufu huja baada ya kuchovywa maji ya moto, kutoleshwa jasho ndani ya blanketi na kukaushwa kwa wiki nyingi. Kwa kuwa sisi tuna mvua mara mbili kwa mwaka, tuna mavuno mawili, katikati ya mwaka na mwishoni mwa mwaka. Wezi huingia mashambani usiku, wakulima wakaogopa wakawa wanavuna machanga, ndiyo maana serikali hutangaza tarehe za kuanza kuvuna.

Unaponunua, ganda zuri ni la kahawia iliyokolea, lina mafuta kidogo na linakunjika kidoleni bila kukatika. Likiwa kavu kama kijiti cha ufagio, liache. Lipasue kwa urefu, kwangua mbegu utie kwenye siagi na sukari, na ganda lenyewe lizike ndani ya kopo la sukari. Baada ya wiki mbili una sukari ya vanila.

Wanaotumia pombe hukata maganda sita, wakayaloweka kwenye robo lita ya waragi safi miezi miwili. Anza Oktoba, Krismasi iko tayari. Kwa Waislamu, sukari ya vanila inatosha kabisa, au pasha ganda ndani ya maziwa ya pishi lenyewe, funika, acha nusu saa. Mimi hata kwa Wakristo naona ya maziwa ina harufu tulivu zaidi.

Keki ya matunda ya Krismasi nianze lini, na inatengenezwaje?

Anza katikati ya Novemba. Ukikumbuka tarehe 20 Desemba bado utapata keki, ila itakuwa changa, ladha zake hazijazoeana.

Kwa kopo la sentimita 20: matunda makavu gramu 800, siagi 250, sukari ya kahawia 250, mayai makubwa matano, unga 300, nusu kijiko cha chai cha beking pauda, kijiko cha chai cha mdalasini, nusu cha tangawizi, robo cha karafuu, kungumanga kidogo iliyokunwa, maganda ya chungwa moja, na mililita 150 za kulowekea matunda.

Loweka matunda usiku mzima au siku tatu. Kuna wanaotumia waragi. Mimi natumia chai nyeusi nzito niliyochemsha na tangawizi, nikaichanganya nusu kwa nusu na maji ya machungwa. Wateja wangu wengi ni Waislamu, na sijawahi kusikia Mkristo akilalamika. Badala ya sukari ya kahawia ya dukani, wakati mwingine naponda sukari guru. Inaleta rangi nyeusi nzuri ambayo Waingereza huipata kwa kutia shira nzito. Chagua iliyo safi, maana nyingine ina vijiti vya miwa.

Piga siagi na sukari mpaka viwe vyeupe, dakika kumi kwa mkono, bila kudanganya. Tia yai moja moja. Likitaka kukatika kama maziwa yaliyoganda, tia kijiko cha unga. Kunja unga na viungo kwa mwiko, kisha matunda yaliyochujwa na kunyunyizwa unga ili yasizame.

Kopo livike karatasi mbili ndani, na nje lifunge gazeti lililokunjwa mara nne. Oka nyuzi 150 kwa saa mbili na nusu hadi tatu. Uso ukikolea mapema, funika kwa foili. Ikipoa, chomachoma kwa sindano, inyweshe vijiko viwili vya ile chai au waragi, funga kwa karatasi kisha foili. Ya waragi unainywesha kila wiki mpaka sikukuu. Ya chai inyweshe mara moja tu, ihifadhi kwenye friji na uile ndani ya wiki mbili au tatu, kwa sababu chai haizuii ukungu kama pombe. Kwa hiyo ya chai ioke mwanzoni mwa Desemba.

Zabibu kavu ni ghali. Kuna mbadala?

Nanasi. Nanasi la Kayunga au Luweero likikaushwa linaishinda zabibu, nami nasema hivyo bila kuona haya. Fenesi kavu linafuata, halafu embe. Changanya nusu zabibu na nusu vya kwetu, uchachu wa nanasi utaivunja ile sukari nyingi.

Ukikausha mwenyewe, kata vipande vyembamba vya nusu sentimita, tandaza kwenye wavu safi ulioinuliwa, funika kwa chandarua dhidi ya nzi, uanike kwenye jua siku mbili tatu. Jioni ingiza ndani, umande huleta ukungu. Kipande kikikunjika bila kutoa maji, kimekauka. Usianze kazi hii Novemba mvua zikiwa zinanyesha. Nanasi langu moja lilioza likiwa linanisubiri jua.

Naona watu wa nje wanaoka pai ya boga. Boga letu linafaa?

Linafaa. Pai hiyo ni ya Wamarekani kwenye sikukuu yao ya kushukuru, Alhamisi ya nne ya Novemba. Wakanada wana ya kwao Jumatatu ya pili ya Oktoba. Wengi wao hununua boga lililokwisha pondwa ndani ya kopo, zito kama ugali laini. Boga letu lina maji, hivyo ukilichemsha na kulitia vilevile utapata supu ndani ya ganda.

Livike majani ya mgomba, lipike kwa mvuke kama matoke. Liponde, lifunge ndani ya kitambaa safi, lininginize usiku kucha juu ya bakuli. Asubuhi utashangaa maji yaliyotoka. Vikombe viwili vya boga hilo, mayai matatu, kikombe cha maziwa mazito, robo tatu ya kikombe cha sukari, mdalasini na tangawizi. Mimina kwenye ganda la unga na siagi, oka nyuzi 180 kama dakika 50 mpaka katikati itikisike kidogo tu. Ukiona kazi ya ganda ni kubwa, mimina kwenye bakuli lililopakwa siagi. Watoto hawataulizia ganda.

Kabalagala (zile pankeki za ndizi na unga wa muhogo) ni kitamu cha sikukuu kweli?

Mtu aliyeniuliza hivi alikuwa anacheka. Ndiyo, ni cha sikukuu. Hakina sukari ya kuongeza, hakina yai, hakina maziwa, kila mgeni anakila. Ubaya wake ni kwamba tumekizoea barabarani.

Chukua ndizi ndogo tamu, zile ambazo ganda limekuwa jeusi kabisa. Ziponde kwa mkono bila tone la maji, zikande mpaka zitoe ute laini. Tia chumvi kidogo, pilipili ukipenda, kisha unga wa muhogo taratibu mpaka donge lisishike mkono. Sukuma unene wa kidole, kata kwa mdomo wa glasi, kaanga kwenye mafuta ya moto wa wastani. Zikiumuka na kuwa kahawia iliyokolea, toa. Kwa meza ya Krismasi mimi hupaka siagi ya simsim na asali katikati ya mbili. Zinaisha kabla ya keki.

Majirani zetu hawali mayai. Niwaokee nini Diwali?

Tumia bongo. Kila yai libadilishe kwa robo kikombe cha bongo, na kwa keki nzima ongeza nusu kijiko cha chai cha baikaboneti. Inafaa kwa pishi la mayai mawili au matatu. La mayai sita usijaribu. Iliki na karanga zilizopondwa hufanya kazi nzuri hapo. Na waulize kabla kuhusu vitu vingine pia, kuna wasiokula hata jelatini kwa kuwa hutokana na wanyama.

Na kwa Idd?

Visheti, kashata za nazi au karanga, vitumbua, keki ya machungwa. Unga wa visheti ukande jioni ya kuutazamia mwezi, ukaange alfajiri. Usikaange yote usiku, vitapoteza ule mvumo wa kutafuna. Wanubi wa Bombo watakuonyesha mengine ukiwatembelea siku hiyo, na hutatoka hujashiba.

Aisingi yangu inateleza kwenye keki kama ndala kwenye matope.

Ama keki ilikuwa bado ina joto, ama umetumia krimu ya siagi mchana wa jua. Keki ipoe saa tatu, au ilale usiku. Kwa hali yetu, aisingi ya ute wa yai ndiyo rafiki: ute wa mayai mawili, sukari ya unga gramu 450 iliyochekechwa, kijiko cha chai cha maji ya limau, piga mpaka isimame. Inakauka ngumu na haijali jua. Mayai yawe mabichi ya siku hiyohiyo kutoka kwa mtu unayemwamini, na wazee, wajawazito na watoto wadogo uwape kipande kisicho na hiyo.

Ukilazimika kutumia krimu, ongeza sukari ya unga, tengeneza jioni, na usiiweke keki dirishani eti ionekane.

Nataka kuipeleka kijijini kwa basi. Itafika?

Kutoka Kampala hadi Arua ni karibu kilomita 500, na tarehe 23 Desemba basi limejaa mpaka kwenye njia ya kati. Keki ya matunda isiyo na aisingi itafika, ya krimu haitafika. Iache ndani ya kopo lililookea, ifunge kwa foili, kopo ndani ya boksi, na pembeni jaza nguo. Ishike mapajani. Usiikabidhi kwenye buti la basi hata kondakta akikuapia kwa mama yake, maana juu yake kutawekwa gunia la mtu. Sukari ya unga ibebe kwenye mfuko mdogo, aisingi utaipigia kule. Na kama nyumbani kuna sigiri, fikiria kubeba matunda yaliyolowekwa tu na kuokea hukohuko. Harufu yake ni nusu ya zawadi.

Watu wananitaka niwauzie. Bei niipangeje?

Usiulize jirani anauzaje. Andika. Tuseme viambato ni shilingi 42,000, makaa au umeme 5,000, boksi na karatasi 4,000, boda ya kwenda sokoni na kupeleka 6,000. Hiyo ni 57,000 kabla hujajilipa wewe. Kama kazi ilikula saa tano na unaihesabu saa moja 5,000, bei yako inaanzia 82,000, na hapo sufuria bado haijalipiwa uchakavu. Mteja akisema 50,000, mwambie una keki ndogo ya 50,000. Usimpe kubwa kwa bei ya ndogo kwa sababu mnasali pamoja.

Chukua nusu ya pesa mapema. Mwaka mmoja niliachiwa keki tatu tarehe 25. Walionipigia walizima simu.

Keki ikikauka au ikivunjika, nifanyeje?

Iliyoungua juu, kata uso kwa kisu cha msumeno, ipake shira ya maji ya machungwa na sukari. Iliyovunjika, panga vipande ndani ya glasi, mimina maziwa mazito ya mayai na vanila, juu weka embe au nanasi. Ilete mezani kama ulikuwa umepanga hivyo tangu mwanzo, na usimwambie mtu.

Iliyokauka kabisa, kata vipande vyembamba, irudishe kwenye sufuria ya mchanga kwa moto mdogo mpaka iwe kama biskuti. Inakaa kwenye kopo hadi shule zifunguliwe Februari, na kwa chai ya asubuhi, ukichovya haraka, iko sawa.